Daktari wa Utando

Shangazi yangu ana tabia moja ambayo wageni inabidi uwaeleze mapema, la sivyo watadhani anaumwa. Ukimletea chai ya maziwa hainywi. Anaiweka mezani, anaikodolea macho, anasubiri ule utando wa juu utande. Ukishatanda anausukuma kwa ncha ya kijiko, polepole, anaangalia unavyojikunja. Akitosheka ndiyo anakunywa, na wakati huo chai imeshapoa kama maji ya mtungi.

"Huyu alisomeshwa mpaka akasahau kunywa," bibi husema, na anasema mbele yake.

Shangazi ni dada mdogo wa baba. Alisoma fizikia mpaka walimu wakaisha, akapata udaktari huko mbali, halafu akarudi Tarime na sanduku moja la nguo na makasha manne ya kompyuta. Anachofanyia utafiti ni maumbo ya tando. Nilipomuuliza mara ya kwanza ni tando gani hizo, nilijuta, maana alieleza tangu tunaosha vyombo mpaka vikakauka vyenyewe. Kwa kifupi ni hivi. Chembe ya damu ina ngozi. Tone la mafuta ndani ya maziwa lina ngozi. Kila chenye uhai, ukikichungulia, kimefungwa kwenye ngozi nyembamba mno, laini, huwezi kuiona kwa macho. Na ngozi hiyo ikijifunga kuwa kifuko, haiwi duara tu kama mpira. Nyingine inakaa kama andazi lililobonyezwa katikati, nyingine kama kibuyu, nyingine kama punje ya maharage. Yeye anataka kujua kwa nini hili umbo na siyo lile.

"Utando ni mvivu," aliniambia. "Unatafuta umbo la kukaa bila kujichosha. Kama wewe siku ya Jumatatu."

Upande mwingine ana kampuni ya teknolojia. Iko Turwa, vyumba viwili vya kupanga, ukifungua dirisha unashika mihogo ya jirani. Chumba cha kwanza kompyuta zinachora tando kutwa nzima, vitu kama nyavu za pembetatu vinavyovimba na kunywea, na wewe ukiingia mlango usiuachie ukapiga. Chumba cha pili ndiyo kampuni yenyewe. Humo wanatengeneza kipimo cha maziwa, kihadubini kidogo cha kubandika nyuma ya simu. Unachukua tone la maziwa, unaongeza tone la dawa ya shangazi lililojaa vifuko vidogo mno vya utando, unasubiri. Maziwa yakiwa mazima, vifuko vinabaki vimenywea, maharage matupu. Yakiwa yametiwa maji, maji yale yanapenya kwenye ngozi, vifuko vinavimba vinakuwa mipira. Simu inahesabu mipira mingapi, maharage mangapi, inakwambia.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na C ya fizikia, ambayo niliiona kubwa mpaka nilipohamia kwa shangazi. Nilitaka chumba cha kwanza. Nilijiona kabisa kwenye kiti cha kuzunguka, na kompyuta yangu, nachora vibuyu. Akanipa miezi mitatu ya kujaribiwa, na miezi yote mitatu niliimaliza chumba cha pili nikifuta vioo vya hadubini kwa kitambaa cha miwani.

Wiki ya mwisho akaniita. Nyarero kuna kikundi cha akina mama wanaokusanya maziwa kwenye kopo moja kubwa, linakwenda mjini kila asubuhi. Kopo lao lilikuwa limerudishwa mara mbili, eti lina maji. Hakuna aliyejua ni nani aliyetia, kwa hiyo kila mmoja alijua ni mwenzake. Shangazi alikuwa ameshakataliwa na vikundi viwili vingine. Kimoja walisema kile kidude ni uchawi wa wasomi. Kingine mwenyekiti alisema wao hawana mwizi, akatusindikiza mpaka barabarani ahakikishe tumeondoka.

"Cha Nyarero nakuachia wewe," akasema. "Waite, wapange, mimi nitakuja kuongea tu. Kikao kikienda vizuri, unabaki. Kikiharibika, Jumatatu uko Kewanja kwa mama yako unakaanga chapati."

Mama ana mgahawa Kewanja, wateja wake ni watu wa mgodini, wanakuja wote kwa pamoja na njaa ya siku mbili. Nimekaanga chapati pale tangu sijafika kimo cha jiko. Sikutaka kurudi. Hilo naliandika wazi ili ieleweke nilivyokuwa makini, maana kilichofuata hakionyeshi.

Shangazi aliniandikia ujumbe kwenye karatasi nikautume kwa simu. Mwandiko wake ni kama njia ya mchwa. Nikausoma hivi: "Jumamosi saa nne asubuhi, kwa mama mwenyekiti, mtatembelewa na daktari wa utando. Kila mwanachama aje na maziwa yake ya asubuhi kidogo kwenye chupa safi, yasichemshwe." Na yakaendelea mengine mistari sita.

Kwanza nikaona ni mrefu. Mimi ujumbe mrefu siusomi, nani angeusoma huu? Nikakata. Maziwa nikayaondoa, nikajua mama mwenyekiti mwenyewe atawaambia, si ni kikundi cha maziwa jamani, watakuja na nini, mkaa? Halafu nikafika kwenye "utando." Daktari wa utando. Tando nazijua, ila daktari wake sijawahi kumsikia. Nikasema shangazi naye, amekaa sana ughaibuni, Kiswahili kimemtoka, hata mtandao hajui kuuandika. Nikamsahihishia. Nikatuma: "Jumamosi saa nne kwa mama mwenyekiti. Daktari wa mtandao anakuja."

Nikajisifu kabisa. Maneno kumi.

Sasa inabidi ujue jambo moja kuhusu Nyarero. Mtandao wa simu ule upande una kiherehere. Mnara wetu ukizidiwa kidogo, simu inakimbilia mnara wa Kenya. Uko jikoni kwako unasonga ugali, simu inalia, unapata ujumbe wa kukukaribisha nchi ya watu, na salio linayeyuka. Watu wamelalamika mpaka wamechoka. Halafu wanasikia daktari wa mtandao anakuja, mwenyewe, kwa miguu yake.

Jumamosi tulipofika, uwanja wa mama mwenyekiti ulikuwa umejaa. Kikundi kina akina mama kumi na watano. Pale walikuwepo hao, na waume zao, na majirani, na mzee mmoja mstaafu wa ualimu ameshika redio.

"Umewahamasisha kweli," shangazi akaninong'oneza. Alifurahi. Akanigusa bega hata. Nikatabasamu kama mtu aliyefanya kusudi.

Tukaamkia wazee, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, mpaka tukafika kwa bibi mmoja aliyekaa kwenye kigoda, mdogo kwa umbo ila sauti ya kuita ng'ombe. Akanishika mkono hakuuachia. Akamuuliza shangazi: "Na huyu ndiye uliyemwoa?"

Kwetu mwanamke mwenye uwezo ambaye hana mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mke, nyumba ntobhu tunaita. Shangazi ana kampuni, ana gari, mtoto hana. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba mkoba wake. Bibi alifanya hesabu, hesabu ikakubali.

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu, bibi," shangazi akasema. "Kuoa bado. Natafuta anayejua kupika. Huyu anaunguza mpaka chai."

"Basi usimtolee ng'ombe," bibi akasema, akauachia mkono wangu kama amerudisha nyanya mbovu sokoni.

Chai ikaletwa. Aliyekuwa akiigawa ni mke wa mtoto wa mama mwenyekiti, mkamwana wake, msichana labda ananizidi mwaka mmoja, anatembea haraka huku macho yapo chini. Shangazi akapewa kikombe, akakiweka, akaanza kusubiri utando wake. Kabla haujatanda, mama mmoja akamsogelea na simu.

"Daktari, hii phone inanikaribisha Kenya kila nikienda kwa choo. Dada yangu ameolewa huko Kenya, hata yeye hawamkaribishi hivi. Si uiambie mimi ni wa hapa?"

Shangazi akaishika ile simu, akaigeuza. "Samahani mama. Mimi siyo mtu wa simu."

"Ujumbe umesema."

"Ujumbe gani?"

Akaonyeshwa. Na nyuma ya yule mama walishajipanga wengine, simu mikononi, na mzee mstaafu na redio yake. Shangazi alisoma maneno yangu kumi, akayasoma tena. Kisha akanitazama.

Nikasema, "Labda simu ilijirekebisha yenyewe."

"Simu hizi," shangazi akasema, akatikisa kichwa. Aliniamini. Ni mtu anayechunguza vitu visivyoonekana kwa macho, halafu mimi niko mbele yake, mzima mzima, hakunichunguza.

Ili nipate la kufanya nikachukua zile simu moja moja, nikaingia kwenye mipangilio, nikazifunga zikae kwenye mnara wa kwetu tu. Ni kazi ya dakika moja kila simu, mtu yeyote wa rika langu anaiweza. Redio sikuigusa. Lakini shangazi alikuwa ameshaanza kuuliza lile ninaloliogopa.

"Sasa akina mama, maziwa yako wapi? Tulisema kila mtu aje nayo."

Maziwa ya asubuhi yalishakwenda mjini tangu alfajiri, kwenye kopo, juu ya pikipiki. Hakuna aliyeambiwa maziwa. Kipimo kimewekwa mezani, hadubini imefutwa inang'aa (hiyo niliifuta mimi), na pale uwanjani hakukuwa na tone.

Mama mwenyekiti akasimama. Ni mama mnene, mpole, lakini akisimama watu wananyamaza. "Kwangu maziwa hayakosekani," akasema. "Mnataka kuona maziwa? Mtaona maziwa yenyewe. Mkamwana! Lete yale yaliyobaki jikoni."

Yule msichana akasimama mlangoni. "Yale ya kwenye jagi, mama?"

"Kwani yako mengine?"

Akaingia. Alichelewa kidogo. Akatoka na jagi amelifunika kwa kitambaa, akaliweka mezani, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Shangazi hapo ndiyo anakuwa mtu mwingine. Alichuja, akadondosha, akaongeza tone la vifuko, akabandika simu. Akawaeleza kuhusu utando kwa dakika zile za kusubiri, na kwa kweli alieleza vizuri, akatumia vibuyu, akatumia maharage. Bibi wa kwenye kigoda akauliza kama kifuko kinaumia kikivimba. Shangazi akasema hilo ni swali zuri kuliko aliloulizwa kwenye mtihani wake wa udaktari.

Kisha akageuza simu wote waone. Mipira. Skrini nzima mipira, maharage ya kuhesabu. Na chini yake maandishi mekundu: maji yameongezwa, sehemu moja kwa kila tano.

Mama mwenyekiti ndiye anayelinda kopo. Ndiye anayepokea maziwa ya kila mtu kila alfajiri na kulifunga kwa mkono wake. Na sasa mbele ya kikundi, na waume, na majirani wote nilioalika mimi, kidude cha shangazi kimesema maziwa ya nyumbani kwake yana maji. Mama mmoja kwa nyuma akasema kitu kwa Kikurya, taratibu. Sitakiandika.

Uso wa mama mwenyekiti ulibadilika. "Hicho kidude chenu," akaanza, na mimi nikaiona barabara ya kurudi, nikaiona Kewanja, nikaona na mafuta ya chapati yanachemka.

"Mama, ni mimi." Ni yule mkamwana, kule ukutani. "Niliongeza maji. Ulisema chai ya watu kumi na watano. Wakazidi. Nilikuwa natengeneza sufuria ya pili."

"Umeniaibisha," mama mwenyekiti akasema. "Mbele za watu. Maziwa ya nyumba hii! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na wageni."

Mtu mwingine yeyote pale angeona aibu ya mama, au machozi ya yule msichana. Shangazi aliona namba.

"Kiasi gani?" akauliza.

Wakamgeukia wote.

"Maji uliyoongeza. Ulipima kwa nini? Kikombe kikubwa au kidogo? Jagi lilikuwa limefika wapi?"

"Shangazi," nikasema.

"Ngoja, hili ni muhimu. Nenda ulete kikombe chenyewe, mwanangu."

Msichana akaenda akaleta kikombe cha bati, machozi bado yanashuka. Alikuwa ametia kikombe kimoja, akasema, jagi lilikuwa na vikombe vinne. Kimoja juu ya vinne. Shangazi akashika kichwa. "Moja kwa tano! Akina mama, moja kwa tano kamili!" Alifurahi kama mtu aliyepata mtoto, na yule msichana akamtazama kama mtu aliyepata kichaa.

Lakini mama mwenyekiti hakuwa amefurahi. Aliendelea na mkamwana wake, kwa sauti ya chini ambayo ndiyo mbaya zaidi, kwamba ameolewa nyumba yenye heshima, kwamba kwao labda ndivyo wanavyofanya. Na yule msichana akaikunja kanga kwenye kidole, akaikunja, akaikunja.

Nilijua maji yale ni ya nani. Nilihesabu hata mimi, C yangu ya fizikia inanitosha kwa hilo. Kama kungekuwa na watu kumi na watano, jagi lingetosha. Nikajiambia ninyamaze tu, kikao kimepona, kidude kimeonekana kinafanya kazi, mimi nabaki Turwa na yeye anabaki na mama mkwe wake, yatapita.

Kisha nikasema: "Watu wamezidi kwa sababu yangu."

Nikaeleza. Kwamba karatasi ilisema utando, nikabadilisha. Kwamba ilisema waje na maziwa, nikakata. Kwamba simu haikujirekebisha yenyewe. Hilo la mwisho nilimwambia shangazi, lakini nilikuwa naangalia meza.

Bibi wa kwenye kigoda ndiye aliyedakia. "Kumbe!" akapaza ile sauti yake. "Kumbe mtia maji ni huyu! Amepewa ujumbe mzito, akauongeza maji ututoshe wote!"

Wakacheka. Kwanza wawili, halafu uwanja mzima, na mama mwenyekiti akajizuia akashindwa, akacheka mpaka akakaa. Mkamwana akajifuta kwa kanga. Mzee mstaafu akataka aelezwe upya kwa sababu alikuwa anatafuta stesheni.

Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama vile anavyoangalia chai.

Mama mwenyekiti akapiga makofi. "Basi. Wanachama peke yao. Sasa ni kura!"

Hapa nieleze kwamba sisi huku l na r ni mtu na ndugu yake, moja ikikosekana nyingine inashika kazi. Alipotamka kura, waume watatu wakainuka kwenda kunawa mikono. Ikabidi warudishwe, waambiwe ni ile ya kunyoosha mkono.

Mikono ilinyooshwa yote. Lakini mama mmoja akauliza, "Nani atakishika hicho kipimo? Nikishika mimi, watasema napendelea wifi yangu. Akishika yeye, mimi nitasema." Kelele zikaanza upya, wakataja koo, wakataja mashamba, wakataja mbuzi wa mwaka juzi. Mpaka bibi akanyoosha kidole. Kwangu.

"Huyu. Ng'ombe hana, mume hana, ukoo hapa hana. Kupika hajui, atakuwa na muda. Na uongo ukimshinda, anautema mwenyewe."

"Mimi?" nikasema. "Kila siku?"

"Kila alfajiri," mama mwenyekiti akasema. "Utalala hapa kwangu, kwenye kile chumba cha nyuma. Tunakamua saa kumi na moja."

Nikamgeukia shangazi aniokoe. Hapo nilipoteza kile chumba cha kompyuta, na kiti cha kuzunguka, na vibuyu vyangu.

"Mchukueni," shangazi akasema.

Nilimfuata mpaka kwenye gari. Alikuwa anapanga vitu vyake, kipimo amekiacha mezani kwa kikundi. Sikuwa na subira ya kuzunguka. "Shangazi, nimefukuzwa au nimebaki?"

"Aliyefukuzwa haamki saa kumi na moja."

"Kwa hiyo nimebaki."

"Umenidanganya mbele ya watu arobaini."

"Nikasema kweli mbele ya hao hao."

"Ndiyo maana unaamka saa kumi na moja na siyo saa kumi." Akafungua mlango. "Nataka picha ya kila tone. Tarehe, jina la ng'ombe, kila kitu, kama kilivyo. Usinifupishie. Usinisahihishie. Hata ukiona nimekosea kweli, andika nilichoandika, halafu kando weka alama ya kuuliza."

"Na nguo zangu?"

"Nitazileta Jumatatu." Akawasha gari, akashusha kioo. "Mkoba wangu."

Nilikuwa bado nimeubeba. Nikampa, akaondoka.

Niliporudi uwanjani watu walishaanza kutawanyika, wanapiga simu majaribio kutoka kila pembe, "Unanisikia? Niko Tanzania!" Mkamwana alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko na beseni la maji. Vikombe alikuwa amevipanga mafungu mawili chini, kwenye majani. Nikachuchumaa karibu naye nikavuta fungu dogo.

Akanipiga mkono, siyo kwa nguvu.

"Hivi kumi na vitano ni vyangu," akasema. Akanisogezea fungu lile jingine lote. "Hivi ni vya ujumbe."